Futari ya watu wawili: jinsi ya kuwahudumia wazee wasiojiweza mwezi mzima wa Ramadhani, Mwanza

Mwaka wetu wa kwanza tulikosea. Tulichanga watu kumi na wawili, tukanunua kiroba cha unga cha kilo 25, mchele, sukari na mafuta, tukakodi bajaji mpaka pale Mabatini ambapo barabara inaishia na mawe yanaanza. Kutoka hapo kwenda juu ni njia za mbuzi. Vijana wawili walipandisha mzigo mpaka kwa mzee mmoja na mkewe, wakafika wanahema, tukapiga picha, tukashuka tukiwa tumeridhika na nafsi zetu.

Funga ya kumi na mbili nilipanda tena peke yangu. Kiroba kilikuwa kona ileile, kimefunguliwa, kimepungua vikombe vichache. Bibi aliona nakitazama. "Unga tunao, mwanangu," akasema. "Mkaa ndio hatuna. Na yule mtoto aliyekuwa akitupandishia maji amekwenda Geita." Walikuwa wanafuturu mkate na maji ya kuomba kwa jirani, yeye na mumewe, huku zaidi ya kilo 20 za unga zikiwatazama.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja: mzee wa mjini kwetu huishiwa miguu kabla hajaishiwa chakula. Sadaka isiyokuja na miguu inabaki kuwa mzigo kwenye kona. Mwongozo huu nimeuandika kwa vikundi vidogo vya msikiti, vya mtaa au vya ukoo vinavyotaka kuwashika wazee wawili watatu mwezi mzima. Msianze na nyumba 30. Sisi tulianza na nne na zilitutosha.

Hatua ya 1: Watafuteni tangu Shaabani

Mwezi ukishaandama mmechelewa. Wiki mbili kabla, nendeni kwa imamu, kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa balozi wa nyumba kumi, mwulize majina. Mtapewa orodha, na orodha hiyo itakuwa ya wanaojua kuomba. Qurani, Sura ya Al-Baqara aya ya 273, inawasema wale ambao asiyewajua huwadhania matajiri kwa jinsi wanavyojizuia, hawawang'ang'anii watu. Hao hawamo kwenye orodha yoyote. Wanajulikana na watu wengine kabisa: muuza mkaa anayejua nani ameacha kuja, mwenye duka mwenye daftari la madeni, na binti wa duka la dawa anayejua mzee gani siku hizi ananunua vidonge vya presha vya siku tatu tatu.

Ishara nyingine tafuteni wenyewe. Saa kumi na moja jioni ya Ramadhani kila nyumba inafuka moshi. Nyumba isiyofuka, ulizeni. Na mtazameni babu msikitini baada ya adhana ya Magharibi. Nilimwona mmoja akila tende moja, nyingine mbili akazifunga kwenye kipande cha gazeti, akachukua na kipande cha muhogo, akatia mfukoni mwa kanzu. Nilidhani ni tamaa, Mungu anisamehe. Kumbe ndiyo futari ya mkewe.

Hapo kuna kasoro tuliyoizoea. Futari ya msikitini, kwenye misikiti mingi, inamfikia mwanamume aliyekuja kuswali. Bibi mwenye magoti mabovu, aliye juu ya mwamba huko Igogo au Bugarika, haoni hata sahani. Tunafuturisha nusu ya ndoa.

Hatua ya 2: Kaeni nao, mhesabu vichwa

Nendeni watu wawili, mwanamume na mwanamke, mchana kati ya adhuhuri na alasiri. Pigeni hodi, shikamoo babu, shikamoo bibi. Ukiijua salamu ya Kisukuma, itoe, itafungua mlango kuliko zawadi. Daftari liacheni nyumbani. Kitu cha kwanza ni mazungumzo, na mazungumzo yachukue muda wake.

Halafu mtengane. Mwanamke amfuate bibi jikoni, mwanamume abaki na babu nje. Sababu ni kwamba wazee walioishi pamoja miaka 50 husitiriana. Mbele ya mumewe bibi atasema wamekula vizuri, asije akamwaibisha. Babu atasema mguu hauumi, bibi asikose usingizi. Kila mmoja, mkiwa naye peke yake, atakuambia shida ya mwenzake. Ya kwake mwenyewe utaipata upande wa pili.

Mnachotaka kujua, mkiondoka, ni haya: wangapi wanalala pale (nyumba ya "wazee wawili" mara nyingi ina wajukuu watatu, na chakula mlichokihesabia wawili kitakwisha siku ya kumi), nani anateka maji, wanapikia nini, meno yamebaki mangapi, dawa gani zinanywewa na nani, deni la dukani ni kiasi gani, na watoto wao wako wapi. Hili la mwisho liulizeni kwa upole. Ukisikia kimya, usirudie swali.

Hatua ya 3: Ijueni kila shilingi imetoka mlango gani

Vikundi vingi huchanganya fedha zote kwenye kapu moja. Ni kosa, maana kila aina ina masharti yake, na mwenye kuitoa amewakabidhi amana.

Zaka ya mali ni ya aliyefikisha nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, ikakaa kwake mwaka mzima wa mwandamo. Anatoa asilimia 2.5. Wapokeaji wametajwa makundi 8 katika Sura ya At-Tawba aya ya 60, na mafukara na maskini wametangulizwa. Zaka ni haki ya mzee, hivyo sisi tunamkabidhi taslimu mkononi, aamue mwenyewe. Huwezi kumkatia mchele kwa sababu wewe ndiye unayependa mchele. Wenye madeni nao wamo katika hayo makundi 8, kwa hiyo deni la dukani linaweza kulipwa kwa zaka, ila kwa idhini ya mzee mwenyewe, asije akakutana na mwenye duka akahadithiwa.

Mtoto mwenye uwezo hawapi wazazi wake zaka. Kuwalisha ni wajibu wake, ni nafaqa, yaani matunzo ya lazima. Nasema hivi kwa sababu kila mwaka anakuja mtu mwenye gari, anataka mama yake aingizwe kwenye orodha yetu. Tunamjibu kwa adabu, ila tunamjibu.

Fidya ndiyo hazina tunayoisahau. Mtu mzima sana au mgonjwa asiyetarajiwa kupona, asiyeweza kufunga, analisha maskini mmoja kwa kila siku iliyompita. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji kwa siku. Vibaba 4 ni pishi moja, na pishi kwa mizani ya leo ni kama kilo 2 na nusu, wengine huzidisha mpaka 3 kwa tahadhari. Siku 30 basi ni pishi 7 na nusu, karibu kilo 19. Mtaani kwenu wamo wagonjwa wa figo na wa kisukari wenye watoto wenye kazi, waendeeni mapema. Na kwa kuwa fidya haitangulizwi kabla ya siku yake kuingia, ikusanyeni kila wiki kwa siku zilizokwisha pita. Utaratibu huo unawafaa sana wazee, maana kilo nne zinazokuja kila Ijumaa zinabebeka, zinawekeka, na mdudu hazipati.

Mzee fukara asiyeweza kufunga naye atawauliza kuhusu fidya yake, kwa wasiwasi. Asiyekuwa na kitu halazimishwi asichokuwa nacho. Mleteni imamu amwambie kwa kinywa chake. Neno la imamu litamtuliza kuliko lenu.

Kinachobaki ni sadaka ya kawaida, na hiyo ndiyo huru kuliko zote. Inalipia maji, mkaa na mbebaji. Inamfikia pia jirani asiye Mwislamu, na Mwanza majirani ndivyo tulivyo. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, sisi tukiwa na siku chache tu za funga, na kwenye ngazi moja ya mawe palikuwa na wazee wawili wa Kwaresma na wawili wa Ramadhani wakichotewa maji na kijana mmoja. Hatukuona sababu ya kuwatenganisha.

Hatua ya 4: Nunueni miguu kwanza, chakula baadaye

Tafuteni kijana mmoja wa mtaa huohuo, anayeaminika kwa wazee, mkubaliane naye ujira wa wiki. Kazi zake ni tatu: maji, mkaa, na kushuka dukani au duka la dawa. Mlipeni kwa wakati. Akidai kidogo kuliko inavyostahili, mwongezeeni, kwa sababu dumu moja la lita 20 ni kilo 20 begani, juu ya mawe, naye amefunga.

Wazee wawili wanaotawadha mara tano wanahitaji madumu mawili kwa siku kwa uchache. Maji yafike alasiri, wala si asubuhi, ili ya futari na ya daku yawe mapya.

Mkaa, kwa mapishi mawili, sisi tunahesabu sado moja (ile ndoo ndogo ya kupimia) kwa siku. Wengine wanashauri mtungi wa gesi wa kilo 6, nao ni mzuri ikiwa yupo mtu wa kuushusha na kuupandisha na bibi hauogopi, wengi wanauogopa. Kuni katika chumba kisicho na dirisha naomba mziondoe kabisa mkiweza. Zinamwachia bibi kifua na macho mekundu, na Usukumani macho mekundu ya kikongwe yamekwisha leta maafa: watu wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, kumbe ni moshi wa miaka. Jiko la mkaa liwake mlangoni au nje, na kamwe lisiingizwe ndani kupasha joto wakati wa kulala.

Sasa chakula. Kwa wazee wawili, mwezi mzima, tunapeleka kwa mafungu ya wiki jumla ya unga kilo 12, mchele kilo 8, choroko kilo 5, sukari kilo 2, mafuta lita 2, tende kilo 1, majani ya chai na chumvi. Viazi vitamu na mboga za majani tunanunua kadiri siku zinavyokwenda. Maharage tuliyaacha: yanakula mkaa wa saa mbili. Choroko zinaiva upesi, zinalainika, na ufizi unaziweza.

Kitoweo chetu ni dagaa, na hapa kuna hesabu ambayo wavuvi wanaijua na sisi wa misaada tulichelewa kuijua. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa haivuti kitu, mitumbwi inapumzika. Na Ramadhani ni mwezi wa mwandamo: funga ya kwanza ina giza, funga ya kumi na nne ina mwezi mzima. Kwa hiyo nendeni Mwaloni, Kirumba, wiki ya kwanza, dagaa wakiwa tele. Mkingoja katikati ya mwezi mtakuta bei imepanda na waliobaki ni wale wa chini ya gunia. Chagueni waliokaushwa kwenye chanja. Wa kuanikwa chini ni nafuu, ila wana mchanga, na mchanga kwenye kinywa cha mzee mwenye meno manne ni adhabu. Nyumbani watoeni vichwa, wakaangeni bila mafuta mpaka wakauke, muwatwange wawe unga. Vijiko viwili katika mboga au katika uji vinatosha, na bibi hatalazimika kutafuna.

Hatua ya 5: Futari na daku

Pamoja na chakula kikavu, pangeni angalau siku tatu za wiki ambazo chakula kilichopikwa kinapelekwa. Nyumba sita zikigawana, kila nyumba inapika siku mbili kwa mwezi na inabaki na sikukuu zake. Nunueni hotpoti mbili ziwe mali ya mzunguko: moja inapanda na chakula, iliyo tupu inashuka. Kiwe chakula cha watu wawili kwenye chombo kimoja, wale pamoja. Babu naye aambiwe na imamu kwamba akifuturu nyumbani na mkewe halafu akaenda kuswali, hajapungukiwa na kitu.

Kifike saa kumi na mbili na nusu. Kikifika baada ya adhana wameshakunywa maji na kulala.

Daku inasahaulika zaidi. Wazee huamka bila shida, tatizo ni kuwasha jiko saa kumi usiku. Chupa ya chai iliyojazwa uji baada ya Tarawehe imetusaidia kuliko kitu chochote tulichokinunua, na bei yake ni ndogo.

Jambo la saa. Babu wetu mmoja alikuwa na redio ya betri iliyofungwa mpira, akifuturu kwa adhana ya redio. Adhana ile ilikuwa ya Dar es Salaam. Jua la Mwanza linazama dakika 25 hivi baada ya la Dar, kwa sababu tuko magharibi zaidi. Alikuwa amefuturu mapema siku tisa, na alipojua alilia. Waandikieni ratiba ya Mwanza kwa kalamu nene, herufi kubwa, mwibandike ukutani karibu na kitanda.

Hatua ya 6: Dawa

Kabla ya mwezi, mtu mmoja awapeleke kituo cha afya wakaulize vidonge vipi vihamie futari na daku, na kama kufunga kwenyewe kunafaa. Msibadilishe dozi wenyewe. Mwenye kisukari akianza kutetemeka, kutoka jasho au kusema mambo yasiyoeleweka, afuturu papo hapo, hata zikibaki dakika kumi. Kipimo cha sukari kikisoma chini ya 3.9 (mmol/L) ni hivyohivyo. Kumtoboa kidole kupima hakufunguzi.

Mzee atabisha. "Nimefunga tangu mtoto, leo mniambie nile?" Usibishane naye. Al-Baqara aya ya 184 na 185 zimempa ruhusa, na ruhusa hiyo aisikie kwa mtu wa rika lake. Tulipata babu wa Kitangiri aliyeacha kufunga mwaka juzi, tukampeleka kwa mwenzake aliyekuwa akibisha. Walizungumza saa nzima, sisi tukiwa nje. Sijui walisema nini, ila yule mbishi alikula.

Hatua ya 7: Picha

Msipige. Wachangiaji wakitaka ushahidi, wapeni risiti za mkaa na daftari la matumizi. Ile picha yetu ya mwaka wa kwanza ninayo bado: bibi amevuta kanga mpaka puani. Siku ile nilidhani ni jua.

Hatua ya 8: Kumi la mwisho na baada yake

Zakatul fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, na ifike kabla ya swala ya Idi. Ikichelewa mpaka baada ya swala inahesabika kuwa sadaka ya kawaida. Kwa madhehebu ya Shafi inajuzu kuitoa tangu mwanzo wa Ramadhani, nasi tunaikusanya kuanzia tarehe 25, kwa sababu usiku wa Idi hakuna bodaboda inayosikia simu. Hakikisheni misikiti ya jirani inaambiana. Bila hivyo nyumba moja inapata pishi 15 na ya pili haipati hata kibaba.

Mchele wa fitri msiufungie mfuko kwa mfuko. Bibi wa Mabatini alituomba tumwachie uliopimwa wazi kwenye beseni. Tulipouliza kwa nini, alichukua kopo lake, akateka pishi yake na ya mumewe, akamwita mjukuu apeleke kwa mjane wa nyumba ya chini. "Mlidhani mimi ni wa kupokea tu?" Tangu hapo, beseni.

Siku ya Idi wapelekeeni kanga na msuli mapema, kabla ya swala, ili wavae. Nyama iwe ya kusaga au ya kuchemsha sana.

Kisha ndani ya Shawwal, kikundi kikiwa bado kina joto, fanyeni makaratasi. Nendeni nao kwa afisa ustawi wa jamii wa kata. Sera ya Taifa ya Wazee inamtambua mwenye miaka 60 na kuendelea, na asiyejiweza anastahili kutibiwa bure. Anahitaji kitambulisho cha matibabu cha wazee, na kukipata kunahitaji picha ndogo, barua ya mtaa na mtu wa kusimama naye kwenye foleni. Mwulizeni pia mwenyekiti kama mtaa utahakiki kaya za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na lini, maana majina yanapitishwa mkutanoni na mzee asiyeweza kushuka mlima hahudhurii. Mmoja wenu awepo, amtaje.

Kijana wa maji msimwachishe kazi siku ya Idi. Mpunguzieni ziwe siku tatu za wiki, Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, na mchango wa kumlipa ugawanywe mapema mpaka Rajabu. Wetu sasa ana mwaka wa tatu. Bibi humwekea kiazi.